Naomba ushauri: mboga za organiki sokoni

Hamjambo wakulima wenzangu. Niko Bahati, Nakuru, nalima sukuma na managu bila dawa za kemikali, ni mboji na majivu tu, na kingo za shamba nimepanda miti ya kaliandra kushika udongo. Sasa nikifika soko mjini bei ni ile ile ya kila mtu, na mteja akiona jani limetobolewa kidogo na wadudu analirudisha chini, inaniuma sana. Nimeandika "organiki" kwenye kartoni wakauliza nani amethibitisha, na wana haki. Nasikia alama ya Kilimohai, ile ya mazao ya organiki Afrika Mashariki, inapatikana pia kupitia kikundi cha wakulima wanaokaguana wenyewe. Nani amepitia hiyo njia, mlianzaje? Na mnamwelezaje mteja habari ya udongo mpaka akubali kuongeza hata shilingi 10?