Pomboo ana vinundu vyeupe kwenye pezi: ni fangasi au kovu?

nahodha_kizimkazi: Assalaam alaykum. Napeleka wageni kuangalia pomboo hapa Kizimkazi. Yuko mmoja tunamjua kwa pengo la kwenye pezi la mgongoni. Tangu kaskazi iliyopita ameota vinundu chini ya pengo hilo, vyeupe vyenye uwekundu kwa mbali, vimebebana kama koliflawa. Wenzangu wanasema kovu la jarife, yaani wavu wa kuvulia. Mgeni mmoja kasema fangasi, tena yatuambukiza. Picha ninazo za simu tu. Nani anajua?

bi_darubini: Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimestaafu maabara ya mifugo, kwa hiyo nisamehe ubishi wangu: kwa picha husemi "ni fangasi", unasema "inafanana na". Kovu la jarife hufuata pale uzi ulipokata, wala halizai vinundu vipya. Mistari sambamba ni meno ya pomboo wenzake, wanachezeana vibaya hao. Upo na ugonjwa wa virusi vya jamii ya ndui. Ule huacha mabaka ya kijivu au meusi yenye vitone. Vyako vimeinuka na vinaongezeka, ndiyo maana na mimi nawaza lobo, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na fangasi.

Jina ni la Jorge Lobo, daktari wa Brazil aliyeueleza kwa binadamu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa pomboo uliripotiwa Florida mwaka 1971. Kimelea cha pomboo siku hizi kinaitwa Paracoccidioides ceti, na kina kiburi: hakioti kwenye sahani ya maabara. Akikwambia mtu "tutakiotesha tuone", mwache aendelee na chai yake. Kinachotakiwa ni kipande cha ngozi kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi, kikatwe kwembamba, kipakwe rangi yenye madini ya fedha. Kwenye darubini utaona seli za mviringo, karibu zote saizi moja, zimeshikana mnyororo kwa vishingo vyembamba. Ukiuona mnyororo ule mara moja huusahau. Halafu vinasaba vipimwe kwa PCR, kwa sababu wapo ndugu zake wanaofanana. Kumkata ngozi pomboo aliye hai ni kazi ya wenye kibali, si ya nahodha na kisu cha chambo.

mwana_wa_maore: Huku kisiwani Mayotte pomboo wa jinsi hiyohiyo walionekana na vinundu vya namna hiyo, watafiti wakachapisha mwaka 2009. Nao waliandika "unaofanana na lobo", kama anavyosema Bi.

nahodha_kizimkazi: Ahsanteni. Na wageni wanaoruka majini je?

bi_darubini: Kipo kisa cha mhudumu wa akwariamu Ulaya aliyepata baada ya kumshika pomboo mgonjwa. Kumshika, nasema. Basi asiguswe, hasa na mwenye kidonda au mchubuko mkononi. Wewe piga picha pande zote mbili za pezi, jua likiwa mgongoni kwako, uandike tarehe, urudie kila ukimkuta. Daktari atauliza kwanza vimekua kiasi gani. Akitupwa ufukweni amekufa, vaa glavu, waite watu wa uvuvi kabla hajazikwa. Hapo ndipo ngozi hupatikana kwa urahisi.

nahodha_kizimkazi: Picha nitapiga, Bi. Ila kuwazuia wageni wasimguse, nipeni maneno ya Kitaliano.