Mjadala: Je, bonasi ya kumkaribisha mteja mpya kwenye tovuti za kubashiri ipigwe marufuku?

Mleta mada

Kwa majuma matatu nimejaribu tovuti mpya ya kubashiri michezo na mbio za farasi, na naleta hoja hii kwa sababu kilichonikwaza hakikuwa kupoteza dau, bali zawadi niliyopewa siku ya kwanza. Tovuti yenyewe sitaitaja, kwa kuwa masharti niliyokutana nayo hayana upekee wowote. Yeyote akifungua ukurasa wa masharti wa tovuti nyingine za aina hiyo atayakuta yameandikwa kwa lugha inayofanana. Hoja yangu ni kwamba bonasi ya kumkaribisha mteja mpya ipigwe marufuku kisheria, na sababu yangu si ile iliyozoeleka kwamba inawavuta watu kwenye kamari, ingawa ni kweli inawavuta.

Anayejaribu tovuti mpya ana swali moja linalozidi mengine yote kwa uzito: nikishinda, nitalipwa? Wingi wa mechi, ukubwa wa odi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda), urahisi wa kuweka dau na picha za mbio zinazoonyeshwa mubashara ni mambo yanayoonekana ndani ya dakika kumi za kwanza. Uaminifu wa malipo hauonekani mpaka mtu aombe kutoa fedha zake. Kwa hiyo jaribio la busara ni kuweka kiasi kidogo, kucheza mara moja au mbili, kisha kuomba kutoa kilichobaki na kuhesabu siku. Bonasi inaliharibu jaribio hilo hasa, kwa sababu ukishaikubali, fedha zako huchanganywa na za kampuni na kufungwa pamoja hadi uzizungushe mara kadhaa kwenye dau. Nilipoomba kutoa siku ya nne, nilijibiwa kwamba nimebakiza mizunguko saba, na kwamba nikisisitiza nitapoteza bonasi pamoja na ushindi wote uliotokana nayo. Sisemi kwamba nilidhulumiwa, kwa maana masharti niliyakubali kwa kidole changu mwenyewe; ninachosema ni kwamba zawadi ile iliniondolea njia pekee ya kumpima aliyeitoa.

Tuziangalie na hesabu, kwa kuwa ndizo zilizonifanya nibadili mtazamo. Tuchukue mechi yenye matokeo matatu yaliyopangiwa odi za 2.50, 3.20 na 2.80. Ukigawa 1 kwa kila odi unapata takriban asilimia 40, 31 na 36, ambazo jumla yake ni karibu 107, ilhali uwezekano wa matokeo yote kwa pamoja hauwezi kuzidi 100. Ile ziada ya 7 ndiyo riziki ya kampuni, na maana yake ni kwamba katika kila 100 inayowekwa, kwa wastani hurudi kwa wachezaji takriban 93.5, yaani 100 ukigawa kwa 107. Sasa mtu ameweka 100, ya sarafu yoyote ile, akaongezewa bonasi ya 100 kwa sharti la kuizungusha bonasi mara 10. Hiyo ni dau la jumla ya 1,000, na gharama yake ya wastani ni 65, kwa hiyo thamani ya zawadi imeshuka hadi 35. Sharti likihesabu amana, yaani fedha alizoweka mwenyewe, pamoja na bonasi, dau linakuwa 2,000 na gharama 130, yaani zawadi imekwishakula 30 katika fedha zake mwenyewe. Tovuti nyingine hudai mizunguko yote ifanywe kwa mkeka, yaani dau moja linalounganisha mechi tatu au zaidi, na hapo makato ya kampuni hujirudia katika kila mechi: 93.5 ya 93.5 ya 93.5 ni kama 82 kwa kila 100, na bonasi nzima inateketea kabla hata ya kufika mizunguko sita.

Nawaomba mnaopinga msinijibu kwamba mchezaji anaweza kuikataa bonasi. Niliitafuta sehemu ya kuikataa, na niliipata baada ya kuwa nimeshaikubali.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hesabu zako sizipingi, ila hitimisho lako halitokani nazo. Umeonyesha kwamba bonasi ni ghali kuliko inavyoonekana, jambo ambalo ni kweli pia kwa mikopo mingi na kwa bidhaa nyingi zinazotangazwa kuwa za bure, na dawa yake huwa ni kumlazimisha muuzaji aweke wazi gharama yote. Kupiga marufuku ni hatua ya mwisho, na anayeidai ana wajibu wa kuonyesha kwamba hatua nyepesi zimeshindwa.

Pili, ungezingatia ni nani atakayefaidi marufuku hiyo. Kampuni inayoingia sokoni leo inakutana na wakongwe ambao majina yao yamo kwenye jezi na kwenye mabango ya viwanjani, na ambao wateja wao wamezoea kubonyeza palepale kila Jumamosi. Haina jina wala historia, na kitu pekee inachoweza kumpa mgeni ili aache alikozoea ni bei bora au zawadi. Ukiiondoa zawadi bila kugusa matangazo ya jezi, umewapa wakongwe ukuta.

Tatu, marufuku ya namna hii huyumba kisheria yasipotungwa kwa uangalifu. Hispania ilijaribu kuzuia ofa za wateja wapya kwa amri ya serikali ya mwaka 2020, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikafuta vifungu hivyo pamoja na vingine vya matangazo, kwa hoja kwamba vizuizi vizito kiasi hicho vinahitaji msingi katika sheria yenyewe. Kama kweli unataka marufuku, basi unazungumza na bunge, na bunge litakuuliza kuhusu tovuti zisizo na leseni, ambazo zitaendelea kutoa bonasi kubwa zaidi bila kumwogopa mtu.

Mchangiaji wa pili

Nimefuatilia mbio za farasi kwa miaka mingi, na naona mada imeishia langoni. Mnazungumza kana kwamba ni mteja tu anayeijaribu tovuti. Tovuti nayo inamjaribu mteja, na kwa makini kuliko yeye.

Katika mbio kuna njia mbili kuu za kubeti. Moja ni mfuko wa pamoja, mpango uliobuniwa na Joseph Oller jijini Paris katika miaka ya 1860, ambamo madau yote hukusanywa, mwenye mfuko hukata asilimia yake, na kinachobaki hugawanywa kwa walioshinda. Makato ni makubwa. Marekani mara nyingi huwa kati ya asilimia 15 na 25. Hata hivyo, mwenye mfuko hajali ni nani ameshinda, kwa kuwa fungu lake limekwishakatwa. Njia ya pili ni odi zilizofungwa, ambapo ushindi wako unatoka moja kwa moja katika fedha za kampuni. Hapo kampuni inajali sana. Ukionekana mara kwa mara umechukua odi ya 6.00 kwa farasi ambaye mbio zinapoanza amefikia 4.00, yaani unajua kitu ambacho soko lilikuwa bado halijakijua, akaunti yako hupunguziwa kiwango cha dau hadi kiasi cha kuchekesha, hata kama kwa jumla bado unapoteza. Wanaofungwa mikono hivyo ni wenye ujuzi, na wanaoendelea kutumiwa bonasi ni wale ambao kampuni imekwishapima na kuona kwamba wanapoteza kwa utaratibu.

Wasimamizi wa mbio za New South Wales, Australia, waliliona tatizo hilo mwaka 2014 wakaweka kanuni ya dau la chini ambalo kampuni haina ruhusa ya kulikataa katika mbio za farasi. Ningependa mjadala huu uelekee huko. Mkiifuta bonasi ya ukaribisho lakini kampuni ikabaki na haki ya kuchagua kubaki na wateja wanaopoteza tu, mtakuwa mmeondoa kibao mlangoni na kuiacha nyumba ilivyo.

Mleta mada

Nianze na mchangiaji wa pili, kwa sababu amenifundisha jambo. Nilikuwa sijaoanisha kupunguziwa dau na bonasi, na sasa naona kwamba bonasi ya kwanza ni kipimo: namna mteja anavyoitumia inaieleza kampuni ni mtu wa aina gani. Hilo linaiongezea hoja yangu nguvu, ingawa nakubali kwamba marufuku peke yake haitamfikia mwenye ujuzi aliyefungwa mikono.

Kwa mchangiaji wa kwanza, hatua nyepesi zipo na zimejaribiwa. Uingereza, mwaka 2018, mamlaka ya ushindani ilizibana kampuni kadhaa kubwa hadi zikakubali kwamba mchezaji asizuiwe kutoa amana yake mwenyewe kwa kisingizio cha masharti ya bonasi. Kanuni kama hiyo ingekuwepo nilikojiunga, nusu ya malalamiko yangu isingeandikwa. Ontario nchini Kanada, soko lilipofunguliwa kwa kampuni binafsi mwezi Aprili 2022, bonasi haikufutwa, ila ilizuiwa kutangazwa hadharani. Inaonyeshwa ndani ya tovuti ya kampuni au kwa mteja aliyekubali kutumiwa taarifa. Kwa hiyo nalegeza kamba kiasi hiki: kama sheria itatenganisha kabisa fedha za mteja na za bonasi, na kumruhusu atoe zake saa yoyote bila adhabu, nitakubali zawadi ibaki kwa wanaoitaka. Kama haiwezi kufanya hivyo, narudi kwenye marufuku.

Kuhusu kampuni mpya zisizo na jina, nasita kuzihurumia. Ofa ya uaminifu ambayo mgeni anaweza kuitoa ni makato madogo: aweke odi ambazo jumla ya asilimia zake ni 103 badala ya 107, na mteja atauona ukarimu huo katika kila dau, wala si siku ya kwanza tu. Anayechagua kutoa 100 iliyofungwa kwa minyororo badala ya bei bora ameshatuambia anataka mteja wa namna gani.

Mchangiaji wa tatu

Mmebishana kwa upole kuhusu bei, nami nitasema kuhusu watu ambao bei haiwahusu tena. Tangu mwaka 2013, mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani umeiweka kamari iliyovuka mipaka katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Ndugu yangu mmoja wa karibu alijifungia mwenyewe akaunti katika kampuni mbili, kwa hiari yake, baada ya kuona anakoelekea. Kila tovuti mpya inayoanzishwa, kwake ni mlango ambao bado haujafungwa, na bonasi ndiyo sauti inayomwita kutoka mlangoni. Yeye hahesabu mizunguko. Anaona kwamba anaweza kuanza bila fedha nyingi.

Kwa mtu kama huyo, daftari la pamoja la kujizuia lina manufaa kuliko sheria yoyote ya odi. Uingereza ina daftari liitwalo GAMSTOP tangu mwaka 2018, na kampuni zote za mtandaoni zenye leseni zililazimishwa kujiunga nalo mwaka 2020. Australia ilizindua BetStop mwezi Agosti 2023. Unajiandikisha mara moja, na milango yote yenye leseni inafungwa, pamoja na ile ambayo itajengwa mwakani. Palipo na daftari hilo, ningewaachia wengine wabishane kuhusu bonasi. Pasipokuwa nalo, namuunga mkono mleta mada katika hoja yake ya awali, ile aliyoileta kabla hajalegeza kamba.

Mchangiaji wa kwanza

Hilo la daftari nakubaliana nalo bila sharti. Lakini mleta mada bado hajatuambia jambo alilosema ndilo swali kuu: hatimaye alilipwa, au hakulipwa?

Mleta mada

Nililipwa. Siku ya tisa niliiacha bonasi pamoja na ushindi wake, nikaomba kilichobaki cha amana yangu. Hapo ndipo nilipotakiwa kutuma kitambulisho, uthibitisho wa makazi na picha yangu nikiwa nimekishika hicho kitambulisho, ingawa siku ya kuweka fedha sikuombwa chochote zaidi ya jina na namba ya simu. Uingereza, tangu Mei 2019, kampuni hulazimika kuhakiki jina, anwani na umri kabla mteja hajaweka dau lake la kwanza. Mimi nilihakikiwa nilipokuwa natoka, picha ya kwanza ikakataliwa kwa madai ya mwanga hafifu, na katika siku tano nilizongoja nilitumiwa ujumbe mara tatu wa kunialika nifute ombi la kutoa ili nipewe dau la bure la mbio za siku hiyo.