Mjomba anasema vitabu na rafiki vimeniharibu. Nyie mnaonaje?

Mchuuzi_Ligula: Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Nyumbani tulizoea kuvicheka Vita vya Majimaji vya 1905 dhidi ya Wajerumani: eti watu wazima waliamini risasi itageuka maji! Kisha nikasoma tamthilia ya Kinjikitile ya Ebrahim Hussein. Mle Kinjikitile mwenyewe, mganga aliyegawa maji ya kinga, kafungwa, anagoma kusema maji ni uongo, kwani Wajerumani watawafundisha watoto kwamba kupigana nao kulikuwa kosa. Kucheka kuliishia hapo. Sasa nina rafiki muuguzi wa Masasi, tunabishana mpaka kahawa inapoa. Juzi nikasema mwanangu atatahiriwa hospitali wakati wa likizo, halafu jandoni aende kwa mafunzo tu. Mjomba kanuna: "Huyo si wewe, ni muuguzi wako!" Kweli?

Korosho_Chafu: Ungekuwa unamfuata tu, jando ungelifuta lote. Mbona mafunzo umeyabakiza?

Binti_Mikindani: Mie filamu za kutafsiriwa za kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, zilinibadilisha mwendo, nikawa natembea kama jambazi wa Hong Kong, mama akinicheka. Imani, hata kidogo. Rafiki je? Huyo unakula naye, ukimpinga anakujibu. Ana nguvu kuliko sinema.

Mchuuzi_Ligula: @Korosho_Chafu hapo umenikamata vizuri. Ila mjomba haingii humu.

Korosho_Chafu: Basi mpeleke huyo muuguzi kwake, abebe na sukari. Wazee wa kwetu hawabishani na mgeni aliyekaa mkekani.