Mama anatua Pittsburgh Ijumaa, siku hiyo hiyo kuna upepo mkali na theluji ya ghafla. Niende au nisiende?

Ngosha_wa_Erie:
Wakuu, habari za jioni.

Nipo Erie, Pennsylvania, huku pembeni ya ziwa. Mama yangu mzazi anakuja kututembelea kutoka Mwanza, mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi. Anapitia Dar, Doha, Chicago, halafu anatua Pittsburgh Ijumaa saa 11 jioni. Tiketi ya kuishia Pittsburgh ilikuwa nafuu sana kuliko ya kuja mpaka hapa, nikaona si tatizo, barabara kuu ya I-79 imenyooka tu, maili 130 hivi.

Sasa baridi ilikuwa imeshaanza kutuaga. Leo ni nyuzi 15, majirani wametoka na kaptula. Lakini utabiri wa Ijumaa umenichanganya: asubuhi mvua na nyuzi 9, mchana upepo unageuka na kuvuma kwa vishindo vya hadi maili 50 kwa saa, theluji ya hapa na pale, jioni nyuzi 6 chini ya sifuri, usiku 11 chini ya sifuri. Cha ajabu wanasema theluji yenyewe haitazidi inchi moja!

Mke wangu kasema siendi popote. Shemeji anasema inchi moja ni vumbi, Januari tulikuwa tunachimba theluji ya magotini na kazini tulifika. Gari ni Sienna, tairi za misimu yote, bado zina meno. Mama ana miaka 67 na Kiingereza chake ni cha kusalimia tu. Mimi nina shifti Jumamosi jioni.

Nawasilisha.

bongo_pittsburgh:
Mkuu, shemeji yako yuko sahihi. Inchi moja? Punguza mwendo, weka nafasi na gari la mbele, utafika. Tukianza kuogopa kila utabiri hatutatoka ndani mpaka Mei.

Mzee_wa_Semi:
Bongo, unamdanganya mwenzio. Mimi nabeba mzigo I-80 na I-81, ngoja niseme.

Tarehe 28 Machi 2022, I-81, wilaya ya Schuylkill, Pennsylvania hii hii. Asubuhi, majira ya kuchipua yameshaingia kwenye kalenda. Ikapita dhoruba fupi ya theluji, magari kama 80 yakarundikana, mengine yakawaka moto, watu 6 wakafa. Video zipo mtandaoni, sikushauri uziangalie ukiwa na safari. Theluji iliyoanguka pale haikuwa ya kuchimba kwa koleo. Hicho ndicho watu wa inchi inchi hawaelewi.

Theluji ya Januari inakuja kwa taarifa. Unaamka, unaiona, chumvi imeshamwagwa, kila mtu anaendesha taratibu. Hii ya kufuatana na upepo inakukuta ukiwa maili 70 kwa saa, jua linawaka, barabara kavu. Mbele unaona kama pazia jeupe. Ukishaingia huoni boneti yako, na aliye nyuma yako na tani 36 hakuoni wewe.

Halafu Ijumaa inaanza na mvua. Magari ya chumvi hayawezi kumwaga mapema kwa sababu mvua inaosha yote. Baada ya hapo joto linadondoka, lami iliyolowa inaganda kabla hawajaifikia. Madaraja yanatangulia, maana baridi inayapiga juu na chini. Na usiku ukifika nyuzi 11 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida nayo inakuwa imeshachoka.

Ngosha_wa_Erie:
Duh. Mzee shikamoo. Kwa hiyo nisiende kabisa?

Mzee_wa_Semi:
Marahaba. Sijasema usiende. Nauliza, huo upepo unageuka saa ngapi Erie, na saa ngapi Pittsburgh? Hilo ndilo swali, achana na inchi.

Mwanahewa:
Mzee ameuliza swali lenyewe. Nimesomea mambo haya, ngoja nieleze kidogo kwa nini saa ni muhimu kuliko kina.

Kinachokuja ni ukingo wa hewa baridi kutoka Kanada. Hewa baridi ni nzito, inapita chini na kuinyanyua ile ya joto unayoifurahia leo. Kabla haujafika, upepo unatoka kusini au kusini-magharibi na kuna mvua. Ukipita, ndani ya muda mfupi upepo unahamia magharibi kisha kaskazini-magharibi, kanieneo ya hewa inapanda, joto linaporomoka.

Mwisho wa majira ya baridi una tabia yake. Jua la Machi lina nguvu, linapasha ardhi, lakini kule juu hewa bado ni ya Januari. Tofauti hiyo kubwa kati ya chini na juu inafanya hewa ipande kwa kasi, yanajengeka mawingu ya aina ile ile ya mvua za radi, ila yanamwaga theluji. Yanaposhusha mzigo wake yanashusha pia upepo wa juu, ndiyo hivyo vishindo vya maili 50. Kila wingu linapita kwa nusu saa, pengine chini ya hapo, ndiyo maana jumla haifiki hata inchi. Lakini ndani ya hiyo nusu saa unaweza usione zaidi ya robo maili, yaani mita 400, na mara nyingine usione hata gari la mbele.

Wewe ni mtu wa Mwanza, unaijua dhoruba ya ziwani. Wavuvi hawaulizi mvua itanyesha milimita ngapi. Wanauliza inafika saa ngapi na mimi nitakuwa wapi. Basi.

Nimeangalia utabiri: kwa Erie ukingo unapita kama saa 8 mchana, Pittsburgh karibu na saa 10 jioni. Inaweza kusogea saa moja au mbili. Ukiondoka saa 8 kumfuata mama, utakuwa unasafiri nao bega kwa bega njia nzima, halafu urudi usiku kwenye lami iliyoganda. Umechagua saa mbaya kuliko zote za siku hiyo.

Mama_Chebet:
Na huyo mama jamani? Nyinyi mnaongea mambo ya gari tu.

Ngosha, mimi ni muuguzi huku Ohio, nimewapokea wazazi wangu wakati kama huu. Atatua amevaa kitenge na sandozi, kwa sababu ulimwambia juzi kwamba baridi imeisha. Pigia Mwanza leo hii. Avae soksi nzito, sweta mbili ndani ya ndege, na blanketi la ndege asiliache mbali. Wewe beba koti kubwa, kofia, glovu na skafu, umvalishe mkiwa bado ndani ya jengo. Upepo wa maili 40 na nyuzi 8 chini ya sifuri unahisiwa mwilini kama nyuzi 19 au 20 chini ya sifuri, na mtu wa miaka 67 aliyekaa kwenye ndege siku nzima hana nguvu ya kupigana na hiyo. Kama anatumia dawa za presha, ziwe kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye mabegi.

Jambo la pili. Piga simu shirika la ndege sasa hivi, omba kiti cha magurudumu. Hata kama anatembea vizuri! Anayesukuma kiti atampitisha uhamiaji Chicago, atamsaidia mabegi na atampeleka mpaka mlango wa ndege ya pili. Kwa mama asiyejua Kiingereza hiyo ni dhahabu. Na awe na karatasi yenye jina lako, namba yako na anwani, imeandikwa kwa Kiingereza. Upepo ukichelewesha ndege Chicago, mtu yeyote akisoma karatasi atakupigia.

Ngosha_wa_Erie:
Dada Chebet, Mungu akubariki, hilo la kiti sikulijua kabisa. Na kweli alishaniambia anakuja na sandozi mpya.

bongo_pittsburgh:
Sawa, wazee mmeshinda. Lakini mtu amwache mama yake uwanjani usiku? Haiwezekani.

Mwanahewa:
Hakuna aliyesema amwache. Aondoke mapema. Saa 3 asubuhi Erie ni mvua tu na nyuzi 9, barabara imelowa lakini haijaganda. Saa 6 yupo Pittsburgh, ukingo ukifika amekaa ndani anakunywa chai. Anampokea mama, wanalala huko huko, wanarudi Jumamosi.

Tahadhari moja kuhusu Jumamosi. Ukingo ukishapita, upepo wa kaskazini-magharibi unavuka Ziwa Erie ambalo halijaganda, unachota mvuke na kuumwaga kama theluji kwa mikanda miembamba. Edinboro na Meadville ndiko inakoanguka, na ndiko I-79 inakopita. Pittsburgh kunaweza kuwa na jua kali, Edinboro huoni kitu. Subirini upepo utulie. Utabiri wa Erie unaandikwa na ofisi ya Cleveland ya NWS, yaani idara ya hali ya hewa ya Marekani, wa Pittsburgh na ofisi ya Pittsburgh, kwa hiyo ingia weather.gov usome zote mbili. Yale maelezo marefu wanayoandika watabiri wenyewe yana maana kuliko ule mchoro wa wingu kwenye simu.

Ngosha_wa_Erie:
Shifti ya Jumamosi inaanza saa 12 jioni. Nikichelewa wananikata pointi.

Mungwana_Kivu:
Ndugu, mi pia niko hapa Erie, natoka Bukavu. Ongea na mwenzako leo mbadilishane shifti, usingoje Ijumaa, maana Ijumaa kila mtu atakuwa anatafuta wa kumbadilisha. Kwangu kazini bosi anakubali kama umesema mapema na kuna mtu wa kukaa nafasi yako.

Na mkeo umwambie afunge pipa za takataka na viti vya nje. Upepo wa namna hii mwaka jana ulibeba trampolini ya jirani mpaka juu ya gari ya mtu. Umeme ukikatika asiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua. Sisi wa kutoka kwetu tunasahau hiyo haraka.

Mzee_wa_Semi:
Mungwana umesema kweli kuhusu mkaa.

Ngosha, ukishaamua asubuhi, haya ndiyo ya gari. Tangi lijae. Maji ya waipa yawe yale ya baridi kali, usiongeze maji ya bomba. Tairi za misimu yote zinatosha kwa mvua ya asubuhi, lakini jua kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 7 mpira wake unaanza kuwa mgumu, kwa hiyo Jumamosi usizitegemee kwenye kona. Weka blanketi, koleo dogo, tochi, chaja ya simu, maji na mkate. Kruzi, ile ya gari kushika mwendo lenyewe, usiiguse kabisa.

Upepo hautaiangusha Sienna, ila utaisukuma, hasa juu ya madaraja na unapotoka nyuma ya lori. Usikae ubavuni mwa treila, hasa tupu. Upepo wa namna hiyo unazilaza treila tupu kama zilivyo.

Simu iwe wazi kupokea ujumbe wa dharura. Onyo la theluji ya ghafla linatolewa kwa eneo dogo na kwa muda mfupi, kama nusu saa hadi saa moja. Likilia na uko barabara kuu, toka kwenye njia ya kutokea iliyo karibu, ingia kituo cha mafuta, subiri lipite. Usipaki pembeni ya barabara kuu, utagongwa hapo hapo. Likikukuta huna pa kutokea, washa taa za mbele za chini, punguza mwendo pole pole, usikanyage breki kwa ghafla. Na ikitokea mmegongana, msisimame katikati ya magari mkipiga picha. Kama mnaweza kufika mbali kabisa na barabara, nendeni. Kama hamwezi, bakini ndani na mikanda.

Kabla ya kurudi angalia 511PA, tovuti ya hali ya barabara za Pennsylvania, kuna kamera za I-79 unaona lami kwa macho yako. Wakishusha mwendo hadi maili 45 na kuzuia treila tupu, rudi kitandani.

shemeji_mtata:
Kumbe uzi huu ndio nimesemwa hivi. Mimi nilisema inchi moja ni vumbi nikiwa nimekaa kwenye kochi, sikusema mtu apande gari.

Ngosha_wa_Erie:
Shemeji nawe! Umeingia huku saa ngapi?

Wakuu, mrejesho. Mke kakubali kwa masharti kwamba niondoke saa 3 asubuhi na nisirudi mpaka yeye mwenyewe aangalie hizo kamera. Shifti nimebadilishana na kijana mmoja, nitamlipa Jumapili. Shirika la ndege wameandika kiti cha magurudumu mpaka Pittsburgh. Mama kasema sandozi haziachi, ila atavaa na soksi. Sasa natafuta hoteli ya bei nafuu karibu na uwanja, naona bei zimepaa.

bongo_pittsburgh:
Hoteli ya nini mkuu? Mimi nipo Moon Township, uwanja wa ndege upo hapa hapa. Njoo mlale kwangu, chumba kipo, hita inafanya kazi. Nimekutumia ujumbe wa faragha. Mke wangu anauliza mama anakula samaki?

Ngosha_wa_Erie:
Mama wa Mwanza, unamuuliza kama anakula samaki?