Kalamu ya kuchovya ya darasani: mbona inadondosha wino?

Swali: Wakuu, naandaa maonyesho ya darasa la zamani, lenye madawati ya tundu la kidau cha wino. Nibu mpya (ile ncha ya chuma ya kalamu) inakataa wino, kisha inaangusha tone zima. Shida nini?

Jibu: Nibu mpya hupakwa mafuta kiwandani isishike kutu, ndiyo maana wino unateleza na kujikusanya. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikaushe. Kisha chovya hadi kitundu cha katikati kifunikwe, usipite hapo, na gusisha ncha ukingoni mwa kidau. Ukichovya hadi kwenye mpini, doa halikwepeki.

Jibu: Mkuu yuko sahihi. Kuna na mkono pia: kandamiza kidogo mstari unaposhuka, legeza unapopanda. Ukikandamiza kwenda juu, ncha inachimba nyuzi za karatasi na kurusha wino. Ndivyo mwandiko wa shule wa enzi hizo ulivyopata mistari minene na myembamba, na kwangu huo ndio uzuri wake.

Jibu: Karatasi ya kunyonya wino ibonyezwe, isisuguliwe. Na futeni nibu kila mkimaliza. Wino wa kizamani wenye chumvi ya chuma huila haraka.