Injini ya 3L imetoka ovaholi, imelala tangu kabla ya Ramadhani. Nipige stata tu?

Mtoto wa Chumbageni
Wakubwa shikamooni, vijana wenzangu mambo. Nina Hiace ya dizeli, injini 3L (jina la modeli ya Toyota, si lita tatu), nipo Tanga. Ilinoki bering ya koneki (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya silinda ya tatu, ikashushwa, krenki, yaani shafti kuu ya injini, ikachongwa, bering mpya, ringi mpya za pistoni, silinda zikasuguliwa. Fundi aliifunga kabla ya Ramadhani. Hapo pampu ya dizeli ilikuwa bado kwa mtu wa pampu, hela ikakata, injini ikabaki gereji chini ya mwembe, imefunikwa turubai. Sasa pampu imerudi na injini imeshapanda kwenye gari.

Fundi anasema tutie oili, tutoe upepo kwenye njia ya dizeli, tupige stata, ikigoma tuivute na gari nyingine. Ikishawaka iachwe sailensi (iungurume tu bila kukanyagwa mafuta) kutwa nzima "izoeane". Mimi roho inasita, maana hela iliyoingia humo naijua mwenyewe. Kuna cha kufanya kabla ya kuwasha?

Dogo Dizeli
Mkuu unajitesa bure. 3L ni chuma. Tia oili, piga stata, maisha yaendelee. Sisi tunafunga injini na kuwasha hivyohivyo, hakuna iliyokufa.

Mzee wa Krenki
Dogo, unayoifunga asubuhi na kuiwasha jioni ina oili mbichi kwenye kila bering. Hii ya mwenzio imekaa miezi, tena Tanga, kwenye hewa ya chumvi. Oili iliyopakwa wakati wa kufunga imeshashuka yote kwenye sampu, bakuli la oili la chini ya injini. Ukipiga stata ikashika mara moja, krenki itazunguka juu ya bering kavu mpaka oili ifike, na mizunguko hiyo ndiyo inayokwangua bering mpya.

Kijana wa Chumbageni, kabla hujagusa spana, mkalishe fundi wako umuulize mambo mawili. La kwanza, alipaka nini kwenye bering? Kama ni mafuta maalumu ya kufungia injini, yale yanayonata, sawa. Kama ni oili ya kawaida, tutairudisha, nitakueleza. Akikwambia grisi ya bering za magurudumu, hapo nakushauri mshushe sampu mtazame. Grisi ile ni nzito, inaweza kukaa kwenye matundu ya oili ya krenki, na ikisukumwa inakwenda kuziba filta.

La pili ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote: krenki iliporudi kutoka kuchongwa, matundu yake ya ndani yalipitishwa brashi na mafuta ya taa, kisha yakapulizwa kwa kompresa? Jiwe la kuchongea linaacha unga wa chuma humo ndani. Kuifuta krenki kwa nje ikang'aa hakusaidii kitu. Unga ule ukitoka, kituo chake cha kwanza ni bering mpya. Fundi akijibu kwa kujiamini na kukueleza alivyofanya, endelea. Akianza kukwepa macho, fungua.

Tuseme majibu yote ni mazuri. Toa hita plagi (zile za kupasha joto wakati wa kuwasha) zote nne. Vua bomba la hewa uchungulie njia ya kuingizia hewa kwa tochi, maana injini iliyolala gereji huwa imezibwa kwa kitambaa, na vitambaa husahaulika. Tia oili safi kidogo sana katika kila silinda, kijiko cha chai kinatosha. Usimimine, injini ya dizeli inagandamiza hewa zaidi ya mara 20, na oili haigandamiziki. Ikijaa juu ya pistoni inapinda koneki.

Sasa weka spana kwenye boliti ya puli ya krenki, uzungushe kwa mkono, kulia ukiwa umesimama mbele ya injini. Mizunguko miwili kamili, taratibu. Ikigota, usilazimishe. Huenda mkanda wa taimingi umeruka jino na valvu inagusa pistoni, na ni heri kuligundua hilo kwa mkono kuliko kwa stata.

Baada ya hapo unaleta oili kwenye bering. Pampu ya oili ya 3L inazungushwa na krenki yenyewe, kwa hiyo huwezi kuizungusha peke yake. Ninachofanya mimi: nanunua bomba jipya la kupulizia dawa za shambani, lile la kupampu kwa mkono. Jipya, si lile lililokwisha tiwa dawa. Nakata kichwa cha kupulizia, nafunga mpira unaohimili oili na nipo (kiungio chenye uzi) ya inchi 1/8, kwa sababu swichi ya taa ya oili ya Toyota ina uzi wa saizi hiyo. Natoa swichi, nafunga nipo mahali pake, natia oili kwenye bomba na kupampu. Oili inaingia moja kwa moja kwenye njia kuu ya injini. Mtu mwingine anazungusha krenki polepole ili matundu yapishane na oili ifike kila koneki.

Vua kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya injini, utazame. Mwanzo husikii wala huoni kitu, kisha kamshafti (shafti inayofungua valvu) inaanza kulowa kwenye bering zake, oili inachuruzika pembeni ya kamu. Ikifika huko juu, huko chini imeshapita. Ukimaliza angalia dipstiki, kwa sababu oili yote uliyopampu imeshukia kwenye sampu na huenda imezidi.

Mtoto wa Chumbageni
Mzee, ahsante sana. Nimempigia fundi. Matundu ya krenki aliyapuliza, na alipaka oili ya kawaida. Ila kuhusu bomba la dawa amecheka, anasema atapitia stata tu bila kuwasha. Inatosha?

Landi 109
Wenye Land Rover za zamani za petroli tuna raha. Pampu yetu ya oili inazungushwa na shafti ileile ya distributa (kigawa umeme wa plagi), kwa hiyo unachomoa distributa pamoja na gia yake, unashusha chuma kwenye drili, unaizungusha pampu huku krenki imetulia. Muhimu ni drili izunguke upande sahihi, la sivyo pampu haivuti.

Mzee wa Krenki
Landi, kweli kabisa, ila mwenye 3L hana bahati hiyo.

Kijana, njia ya stata si mbaya ikifanywa kwa utaratibu. Jaza filta ya oili kabla ya kuifunga. Toa upepo wa dizeli kwanza kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli, kwa sababu pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe na ukiizungusha kavu utaiharibu. Kisha chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia (swichi ya umeme inayokata dizeli) iliyo kwenye pampu hiyo, ili moto usishike. Hita plagi ziwe bado nje, injini izunguke nyepesi. Piga stata sekunde 10, pumzisha stata ipoe, rudia, mpaka taa ya oili izime. Usisimame mbele ya matundu ya hita plagi, oili itaruka.

Kuvuta na gari nyingine, hapana. Ukiivuta inashika ghafla, na kwa mwendo wa juu.

Ikiwaka, macho kwenye taa ya oili. Isipozima ndani ya sekunde chache, zima gari. Weka mtu kando na kipande cha ubao cha kuzibia njia ya hewa, ikitokea injini imekimbia yenyewe, yaani inapanda mizunguko na haizimiki. Na hiyo sailensi ya kutwa nzima achana nayo: ringi zinakaa kwa kusukumwa na mgandamizo, na injini ikizunguka bila mzigo silinda zinang'aa na gari linaanza kula oili. Ikishapata joto na hakuna panapovuja, itoe barabarani, upandishe na kushusha mwendo, bila abiria wala mzigo mzito.

Mtoto wa Chumbageni
Na oili nitie ipi mzee?

Mzee wa Krenki
15W-40 ya dizeli, ya kawaida, si sintetiki. Imwage ikifika kilomita 500, na filta ubadilishe. Ukiimwaga, ipitishe kwenye kitambaa cheupe juani. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa kama shaba, usiwashe tena, nipigie picha uiweke hapa.