Mafuta ya rozimari kwenye misonobari: yanafukuza mbawakawa kweli?

BintiMkulima: Habari zenu wapendwa. Nina misonobari tisa, marehemu baba aliipanda mwaka niliozaliwa. Juzi kwenye mmoja nimekuta utomvu umetoka na kuganda vidonge vidonge, umevimba kama bisi, na shinani kuna unga wa kahawia kama ugoro. Nimebandua kipande cha gome nikakuta mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele. Sitaki sumu. Nimechanganya mafuta ya rozimari na maji na sabuni, nimepulizia mara mbili. Nimefanya sawa?

Mzee_wa_Magome: Pole dada. Huo ugoro ni unga wa gome wanaoutoa wakitoboa. Rozimari hukubahatisha, ina verbenoni ndani yake, yaani kiini cha harufu. Mbawakawa wakishajaa kwenye mti, harufu hiyo hiyo huongezeka, na wanaokuja nyuma huisoma kama "hapa pamejaa" wakapita. Tatizo ni kwamba mafuta uliyopulizia yanapeperuka upesi mno. Wanaotumia verbenoni kwa dhati huiweka kwenye vifuko vinavyoitoa taratibu kwa wiki nyingi, wanavibana kwenye shina kabla wadudu hawajaanza kuruka. Kabla, narudia. Ule mmoja ukishazungukwa na matundu, harufu haitawatoa waliokwisha kuingia. Elekeza nguvu kwenye minane iliyobaki.

Kijani77: Mimi natumia mafuta ya msonobari wenyewe, si ni dawa ya asili pia?

Mzee_wa_Magome: Hapana ndugu yangu, acha leo hii! Alfa-pineni, kiini kingine cha harufu kilichomo humo, ndiyo inayowaonyesha wengi wao njia ya kufikia msonobari. Kwa sababu hiyo hiyo usipogoe matawi wakati wanaruka, maana kidonda kibichi kinawaita. Ajabu ni kwamba utomvu huo huo una pia estragoli, ile iliyomo kwenye rihani, na hiyo baadhi yao wanaikimbia. Usiseme tu "ya asili", uliza ni kiini gani.

BintiMkulima: Kwa hiyo nikipata vifuko, minane itapona?

Mzee_wa_Magome: Siwezi kukuahidi, nitakuwa nakudanganya. Wakiwa wachache vinasaidia, wakishafurika vinazidiwa. British Columbia kule Kanada mlipuko wao ulikula misitu zaidi ya hekta milioni 18, na kifuko cha harufu hakisimamishi jeshi la namna hiyo. Silaha ya kwanza ni utomvu wa mti wenyewe: mti ulioshiba maji humsukuma mdudu nje, na hizo bisi zako ni mti ukipigana. Mwagilia taratibu chini ya matawi, maji yazame. Na kama ule mmoja umeanza kugeuka rangi kileleni, ukate na ubandue magome yote kabla kizazi kipya hakijatoka.

BintiMkulima: Nimetoka kuutazama sasa hivi. Kileleni bado kijani. Naanza na maji jioni hii.

Mzee_wa_Magome: Tazama unga kila asubuhi, ufagie, uone kama kesho yake umerudi. Utuambie.